Kitabu cha Juma la Mbalamwezi

Wanafunzi wa siku hizi wanapofunga shule hufunga na vitabu vyao. Sisi tuliosoma sekondari mjini Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yetu yalikwenda kinyume. Likizo ilipokaribia ndipo tuliposoma kwa pupa, kwa maana kabla ya siku ya kufunga kila kitabu kilipaswa kurudi kabatini, kabati litiwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa mwalimu hadi Januari. Mtu aliyekuwa amefika katikati ya hadithi alikwenda nyumbani na nusu yake, akakaa mwezi mzima akijitungia mwisho.

Ilikuwa miaka ya uhaba, ndugu msomaji, na wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilikuwa kwa mgawo, sukari kwa mgawo, na daftari moja liliandikwa mbele, nyuma, na pembezoni. Kitabu cha kiada kilisomwa na wanafunzi watano. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapwa kwanza mwaka 1951, mimi niliinakili kwa mkono, sura baada ya sura, na mpaka leo naamini kwamba sikupata kukifahamu kitabu kingine chochote kama hicho. Mkono husoma polepole kuliko jicho, lakini hausahau.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi yake kila mwezi Novemba. Aliandika majina ya vitabu kwenye vipande vya karatasi, akavikunja na kuvitia ndani ya kopo tupu la maziwa, kisha kila mwanafunzi wa kidato cha tatu akapita mbele na kutoa kimoja. Kitabu kilichokuangukia ulikuwa na majuma mawili ya kukisoma, na katika juma la mwisho la muhula ulisimama mbele ya wenzako ukaeleza habari zake na kujibu maswali. Maksi zake zilikuwa chache. Kuaibika kwake, kama hukusoma, kulikuwa kwingi.

Mwaka ule wa 1983 mwenzangu niliyekaa naye dawati moja alipata Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, akatembea siku nzima kama hakimu. Mwingine alipata Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kijana mmoja wa Kasulu alipata Rosa Mistika ya Kezilahabi, na darasa zima likaangua kicheko, kwani sote tulijua kwamba riwaya hiyo iliwahi kukatazwa mashuleni. Mimi kopo lilinipa kitabu ambacho hakuna aliyekitaka. Jalada lake lilikuwa limefifia, na nusu ya kurasa zake zilikuwa za Kiingereza: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa wasomaji wasiokijua, hicho ni kitabu cha pekee. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyezaliwa Unguja na kufariki huko mwaka 1905, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akayatoa upya, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwalimu alipoona uso wangu umekunjamana alisema neno moja tu: “Bwana huyu hakuandika kwa herufi unazozijua wewe. Aliandika kwa herufi za Kiarabu.” Nikakitia kitabu mkobani nikaondoka.

Nyumbani kwetu kulikuwa Ujiji. Kutoka shuleni nilipanda na barabara hadi Mwanga, nikalipita soko, kisha nikateremka upande wa pili mpaka Kasingirima, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu, na mvua za Novemba hazikumwonea huruma mtu mwenye sare moja. Sikuona njia kuwa ndefu. Miembe mikubwa iliyoota kandokando ilinipa kivuli, na wazee wa kwetu husema kwamba miembe ile ilimea kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Kila mtoto wa Ujiji amekula maembe yake bila ya kuuliza ni nani aliyekula la kwanza.

Mwezi uliotangulia darasa letu lilikuwa limepelekwa kwenye mnara wa Livingstone, pale ambapo Stanley alimkuta mzungu mwenzake mwaka 1871. Sisi wa Ujiji tulicheka chini kwa chini, maana kupelekwa kwa msafara kuona mahali unapochezea ni jambo la ajabu. Mwalimu wa historia alieleza kwamba Stanley alikuwa akimtafuta Livingstone aliyepotea. Msichana mmoja akanyoosha kidole: “Alipotelea wapi, Mwalimu, na hali watu wa hapa walikuwa wakimuuzia samaki?” Tukacheka tena, na mwalimu naye akacheka, lakini swali lile lilinifuata. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Kiongozi wa askari wa Stanley alikuwa Bombay, Myao aliyekuwa amekwisha kufika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Yaani siku ile ya kukutana, Bombay alikuwa mwenyeji kuliko yule aliyemwajiri. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao ndio waliouchukua mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Mgeni anayefika Ujiji siku hizi ataonyeshwa sanamu za wazungu wawili wanaoamkiana kwa kofia. Mimi kila nikizitazama huwatafuta waliokuwa nyuma yao wakiwa na mizigo vichwani.

Basi nilifika nyumbani na Tippu Tip mkobani, nikakuta tatizo la kwanza, nalo ni mafuta ya taa.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Mtu asiyeijua Tanganyika hudhani kwamba samaki huvuliwa kila siku, lakini dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa za karabai ambazo mwanga wake huwavuta juu kutoka kwenye kina, na ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Mwezi unapopevuka, mwanga wa karabai hauna nguvu tena, kwa sababu dagaa wanaona mwanga kila mahali. Ndipo mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu zikashonwa, na wavuvi wakalala usiku kama watu wengine. Katika majuma ya giza mafuta yote ya nyumbani kwetu yalikwenda ziwani, hata tone, na mama hakunificha: taa moja ya karabai ilikuwa chakula cha watu tisa, kitabu changu kilikuwa chakula cha mmoja. Sikuona ubaya katika hesabu hiyo. Lakini mwaka ule mwezi ulipevuka yapata tarehe 20 Novemba, katikati kabisa ya majuma yangu mawili. Mafuta yalibaki. Baba naye alibaki.

Tatizo la pili lilikuwa Baba.

Usiku wa kwanza nilikuwa nimeketi ukumbini na kibatari, nikisoma kimoyomoyo. Baba alikuwa akishona wavu. Akauliza kitabu ni cha nani. Nikamtajia. Mkono wake ukasimama. “Kitabu hicho,” alisema bila ya kupandisha sauti, “kisome shuleni. Hakisomwi katika nyumba hii.”

Hapana budi nieleze, maana msomaji wa Dar es Salaam au Mbeya anaweza kumdhania baba yangu kuwa mtu mwenye kuchukia elimu, naye hakuwa hivyo hata kidogo. Watu wengi wa Ujiji tunaitwa Wamanyema. Manyema ni nchi iliyo ng’ambo ya ziwa, magharibi, katika Kongo. Wazee wetu walivuka maji katika karne ya kumi na tisa, wengine wakiwa wafanyabiashara, wengine askari na wapagazi wa misafara, na wengine, walio wengi kuliko tunavyopenda kusema, wakiwa mateka. Ujiji ilikuwa kituo cha njia iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora hadi ziwani, njia ambayo tangu mwaka 2006 serikali yetu imeipendekeza iingizwe katika orodha ya urithi wa dunia. Mjini mwetu kulikuwa na mabwana na watwana wao, na utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Watoto wa pande zote mbili walisali msikiti mmoja, wakaoana, wakavua pamoja, wakazikana. Ili waweze kuyafanya hayo walikubaliana jambo moja bila ya kuandikiana, kwamba hakuna atakayemuuliza mwenzake babu yake alinunuliwa kwa nani. Sote tulikuwa waungwana. Neno hilo kwetu lilikuwa kama ukuta wa nyumba. Humgongi mtu ukuta wake ili uone kama ni wa tope.

Baba, basi, alikuwa akiulinda ukuta. Nami nilikuwa na majuma mawili, kopo la maziwa nyuma yangu, na darasa la watu arobaini mbele yangu. Nikasema, kwa adabu niliyoweza, kwamba kitabu si cha mzungu. Bwana mwenyewe ndiye aliyekiandika, na kwa herufi za Kiarabu.

“Kwa herufi zetu?” akauliza Baba.

Hapo nilikuwa nimegusa kitu bila ya kujua. Baba alisoma chuoni utotoni mwake. Kurani aliisoma, na barua za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo hizo, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko ambao wazee wa msikitini waliusifu. Lakini mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na waandikishaji walipopita nyumba hadi nyumba, aliulizwa kama anajua kusoma, akaonyeshwa ukurasa wa herufi za Kirumi, akaandikwa kuwa hajui. Akaenda kisomo, akajifunza, hakulalamika. Hata hivyo miaka kumi na mitatu baadaye jambo lile lilikuwa bado limemkaa kooni. Mtu kuandika kitabu kizima kwa herufi zile, kikachapwa, kikatiwa kabatini katika shule ya serikali, hilo hakuwahi kulisikia.

Kabla hajajibu, sauti ikatoka chumbani. “Na asome kwa sauti. Mimi masikio yangu bado hayajazeeka.”

Alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alizaliwa wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hivyo alikuwa amepita miaka sabini. Kwangu alikuwa Bibi, na mimi kwake nilikuwa mke mwenzake, kama ilivyo desturi ya utani wetu. Baba akasema, “Mama, kitabu hiki si cha usiku.” Bibi akatoka na mkeka wake chini ya kwapa, akautandika karibu na kibatari, akaketi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Tulisoma usiku tatu.

Nitasema kweli kuhusu kitabu chenyewe: kimeandikwa vizuri. Bwana yule hapambi maneno wala hapotezi muda wa msomaji. Anasema alitoka mahali fulani, akafika fulani, wakapigana, akapata pembe kadhaa, akaondoka. Vita vyake na Nsama wa Itahwa unavisoma huku umezuia pumzi. Livingstone, Cameron na Stanley, ambao katika vitabu vyetu vya historia ni majitu, katika kitabu chake ni wageni tu waliopita njiani wakahitaji msaada, naye akawapa, akawapima, akaendelea na biashara yake. Msichana wa kidato cha tatu aliyelishwa historia ya wazungu tangu darasa la nne hawezi kukosa kufurahi kidogo akiwaona wazungu hao wamepungua kimo. Nilifurahi. Baba naye alifurahi, nikamwona, ingawa aliinamisha uso kwenye wavu.

Bibi hakufurahi wala hakukasirika. Yeye alikuwa akihesabu.

Tippu Tip hupenda kutaja pembe zake kwa frasila. Frasila moja ni ratili thelathini na tano, karibu kilo kumi na sita, na Bibi alikipima kipimo hicho mgongoni mwake tangu ujana, kwa chumvi ya Uvinza na kwa mawese. Mtu mzima akisafiri mwendo mrefu huchukua frasila mbili. Basi kila nilipotamka idadi ya frasila, Bibi aliigawa kwa mbili, akaitamka upya: “Watu kadha.” Nikisoma idadi nyingine, “Watu kadha.” Hakuongeza neno. Mwanzoni nilidhani anatania. Kufikia usiku wa pili sikuweza tena kuona pembe katika kitabu kile. Niliona vichwa vikienda kwa mstari mmoja, mamia kwa mamia, vikitoka porini kuelekea ziwani, na nikatambua kwamba katika kurasa zote nilizosoma viongozi wa misafara na watawala na wafanyabiashara walikuwa na majina, na wale waliobeba walikuwa na uzito tu.

Usiku wa tatu tulifika Utetera. Ni kisa maarufu katika kitabu hicho. Tippu Tip alisikia kwamba mtawala wa nchi ile, Kasongo Rushie, alikuwa na majonzi ya siku nyingi: wanawake wa ukoo wake walichukuliwa mateka zamani wasirudi. Bwana yule, ambaye hakukosa akili hata siku moja, akajitokeza akasema kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Akaeleza nasaba aliyoitengeneza kwa ustadi. Mzee akaamini, akampokea kama damu yake iliyorudi, akampa utawala wa nchi, na pembe zikaja zenyewe.

Nilipomaliza Baba alicheka. “Bwana yule alikuwa mjanja,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu tuanze.

Bibi hakucheka. Alitazama kibatari kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe siku alipotaka nchi, hakutafuta babu sultani. Alitafuta bibi aliyechukuliwa mateka.” Akanyamaza. Halafu akasema, kana kwamba anaeleza habari za jirani, “Mimi sikuhitaji kumtafuta. Mama yangu alikuwa ndiye.”

Sikumbuki kama Baba alisema kitu. Wavu ulikuwa mapajani mwake, sindano imesimama hewani. Bibi akaeleza. Haikuchukua hata nusu saa. Mama yake alivushwa kutoka Mtowa, upande wa pili wa ziwa, akiwa msichana ambaye hajaota matiti, kwa mashua iliyojaa watu na pembe, usiku mbili majini. Alikumbuka kwamba kwao kulikuwa na mto, na kwamba mama yake mzazi alikuwa na pengo mbele. Alipofika Ujiji alipewa jina jipya, jina ambalo sisi wajukuu na vitukuu tumelisoma katika hitima zote. Lakini jina lake la kwanza alilibakiza, akamwambia binti yake mara moja tu, siku aliyokaribia kufa, akamwonya asilitamke mbele za watu.

Bibi akalitamka. Mimi sitalichapa gazetini, kwa sababu alitupa sisi watu watatu tuliokuwa ukumbini, wala sioni kwamba miaka iliyopita imeligeuza kuwa mali ya kila mtu. Naweza kusema kwamba si jina la Kiswahili wala la Kiarabu, na kwamba lina sauti moja ndani yake ambayo Bibi mwenyewe aliirudia mara mbili ndipo akaridhika.

Baba akaweka wavu chini. Akalichukua daftari lake la hesabu za dagaa, akafungua ukurasa wa mwisho, akaomba kalamu yangu. Akaliandika jina lile kwa herufi za Kiarabu, akatia irabu zote, hata zisizo za lazima, ili mtu asikosee kulisoma. Kisha akamsomea Bibi kama lilivyoandikwa. Bibi akasema, “Hapana, refusha mwisho.” Baba akarefusha.

Daftari hilo ninalo mimi. Upande mmoja lina madeni ya mafuta ya taa na bei za dagaa. Upande wa pili lina neno moja.

Juma la mwisho la muhula likafika. Shuleni wakati huo hakuna aliyekaa: tulifyeka nyasi, tulipalilia shamba la mihogo, tulipiga deki madarasa, tukasimama foleni ya kurudisha majembe. Wanafunzi wa mbali walikuwa wakiulizia siku ya treni, na wale wa Kalya na Kirando walisubiri habari za Liemba, meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuundwa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo barabara yao ya kwendea nyumbani. Mchana, chini ya kelele hizo, tulieleza vitabu vyetu.

Nilieleza changu. Nilisema ni nani aliyekiandika na lini kilichapwa, nikasimulia vita vya Nsama na hila ya Utetera, darasa likacheka mahali pale pale alipocheka Baba. Kisha nikaenda ubaoni nikaandika hesabu ya Bibi: frasila moja, kilo kumi na sita, mtu mmoja, frasila mbili. Nikachukua safari moja ya kitabuni nikaigawa mbele yao. Sikusema hesabu hiyo nimeipata wapi. Nyumba ina maneno yake na darasa lina yake, na sikuona kwamba mwalimu au wenzangu walikuwa na haki ya kujua zaidi ya pale. Darasa likatulia. Kijana wa Kasulu, yule wa Rosa Mistika, akauliza kama wapagazi wale walikuwa watumwa au walilipwa. Nikamjibu kwamba kulikuwa na wa namna zote mbili, kwamba Wanyamwezi wengi walikwenda kwa ujira na kwa hiari yao, na kwamba kitabu hakikuona haja ya kututenganishia. Nyuma kabisa alikuwako msichana wa Ujiji mwenzangu, wa mtaa wa pili. Hakuuliza kitu. Tulipotoka alinishika mkono tukatembea pamoja mpaka Mwanga bila ya kuzungumza, na nilijua bila ya kuambiwa kwamba kwao nako kuna jina.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo. Baadaye sana, katika maktaba ya Dar es Salaam, nilikipata Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, ambacho kinaeleza mambo hayo kwa upande wa waliokamatwa na uzao wao. Nilikisoma kwa siku moja. Mbotela anawashukuru Waingereza kupita kiasi kwa ladha yangu, na kuna mahali nilitamani kumkatiza. Lakini ndani yake aliyebeba mzigo ana jina, ana mama, na anaogopa. Laiti kabati letu lingekuwa nacho mwaka ule, ningewawekea wawili hao meza moja wakabishana. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, sikuwa na wa kumsomea kwa sauti.

Kwa likizo ile ya 1983, hata hivyo, alikuwapo, tena alikuwa na madai. Siku niliyokirudisha Tippu Tip alinisubiri mlangoni. “Mke mwenzangu, kingine kiko wapi?” Nikamweleza habari za kabati na kufuli. Akasema nimwambie mwalimu kwamba kuna mwanafunzi mmoja mzee huko Kasingirima ambaye hajafunga shule.

Nilimwambia kweli, siku ya mwisho, tukiwa tumesimama barazani na mabegi. Mwalimu hakuweza kulifungua kabati, lilikuwa limekwisha kuandikwa na kukaguliwa, lakini alikwenda nyumbani kwake akarudi na nakala yake mwenyewe ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla. Akasema Bibi asipompata mwuaji kabla ya Bwana Msa basi arudie tangu mwanzo.

Mwezi ulikuwa umekwisha tayari, giza limeingia, mitumbwi na karabai na mafuta yote yako ziwani. Usiku hatukuweza kusoma hata ukurasa. Tulisoma mchana ufukweni, mimi nikigeuza dagaa wa mama kwa ufagio na kurudi kivulini kila baada ya aya chache, Bibi akinikemea kwa kuchelewa, kwa sababu alikuwa amemshuku mtu tangu sura za mwanzo na alitaka kuhakikisha. Hakumpata. Tukarudia tangu mwanzo. Januari nilipokirudisha kitabu mwalimu alikifungua, akakinusa, akanitazama, akakiweka dirishani penye upepo.